Oda Moja kwa Siku

Asubuhi ile Fundi Milango alirudi ndani kuchukua futi yake ya kupimia. Alikuwa ameisahau juu ya kabati, nyuma ya kiti cha mkewe, na bila futi hakuna kazi.

Mkewe alikuwa mbele ya kompyuta, sweta begani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Kando yake palikuwa na kikombe kimoja cha chai. Zamani vilikuwa viwili. Kwa miezi saba Fundi alikuwa anakunywa chai yake karakana, amesimama, na sababu alikuwa nayo mwenyewe kifuani.

Sababu ilikuwa pale kwenye kioo, chini, upande wa kulia. Palikuwa na kiduara cha bluu chenye namba. Fundi hakupita shule. Maneno ya kioo kile kwake yalikuwa sisimizi wanaotembea. Lakini namba anazijua, maana futi ni namba tupu. Asubuhi hiyo kiduara kilisema tatu.

"Tatu," alisema.

Mkewe akageuka upesi. Mumewe alikuwa hajataja kitu cha kwenye kioo kile kwa muda mrefu. Uso ukamchangamka.

"Tatu, ndiyo. Vuta kiti basi, Fundi. Dakika tano tu nikuonyeshe."

"Nina mlango wa watu."

"Huo mlango utakimbia?"

"Wenyewe watakimbia."

Akacheka. "Haya, jioni. Ukirudi lete mkate."

Fundi akatia futi mfukoni akatoka. Hakugeuka nyuma.

Saa saba na nusu alikuwa kwenye duka la dawa, ameshapachika bawaba ya juu, anatoboa tundu za bawaba ya chini. Simu ikalia. Alikuwa jirani yao, yule mama anayeshona sare za shule.

"Fundi, acha unachofanya. Njoo hospitali."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye foleni ya unga. Alisema kichwa kinamgonga, akaketi juu ya gunia, akamwomba muuzaji maji. Maji yalipofika hakuweza kuyashika. Fundi alipofika hospitali muuguzi alimkabidhi mfuko wenye viatu vya mkewe, na miwani ndani ya kiatu kimoja. Akajua.

Ule mlango wa duka la dawa ulining'inia kwa bawaba moja siku sita. Mwenye duka hakumdai neno.

Watu wengi mke wa Fundi walimwita Mama Ubao. Jina lilitoka kazini. Alipokuwa kijana bado, mtoto wao hajaanza kutembea, aliajiriwa kufagia katika duka la kubadilishia fedha. Ukutani palikuwa na ubao mweusi wenye mifereji, na kila asubuhi bei za fedha za ng'ambo zilipangwa pale kwa namba za plastiki, moja moja, kutoka kwenye kopo la biskuti. Mpangaji alikuwa bwana mmoja mwenye tumbo la maradhi. Siku moja hakufika. Tajiri wa duka akauliza nani anaweza kupanga namba asizipindue. Mama Ubao akaegemeza ufagio ukutani, akapanda kwenye stuli. Tangu siku hiyo ufagio alipewa mwingine.

Alipanga namba miaka ishirini na sita. Kopo lilikuwa na nane chache. Bei ikija na nane nyingi, alichukua tatu mbili, moja akaigeuza kifudifudi, akazibananisha zikawa nane, na mteja asijue. Jambo hilo alilipenda kuliko mshahara. Jioni akirudi hakuanza na salamu.

"Leo dola imeamka na homa," atasema.

"Pole yake," atajibu Fundi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo, na yaliwatosha. Yeye alikuwa na maneno ya watu wawili, Fundi hana hata ya mmoja. Watu walisema ile ndoa ni redio na kiti.

Kisha ukaja ubao wa taa nyekundu unaojipanga wenyewe. Mama Ubao akapewa mkono wa kwaheri, kompyuta kuukuu ya ofisi, na lile kopo. Nyumbani alikaa wiki mbili anapangusa vitu vilivyokwisha kupanguswa. Aliyemtoa humo ni mwenzake wa zamani, mwanamke aliyekaa dirisha la pili la duka lile mpaka akastaafu, na jina likabaki hilo hilo, Dirisha la Pili. Huyo ndiye aliyemfundisha soko la kwenye kompyuta. Humo mtu ananunua fedha ya nchi moja kwa fedha ya nchi nyingine, anasubiri bei isogee, anauza. Mama Ubao alikuwa ameziangalia bei hizo robo karne akiwa juu ya stuli. Sasa alitaka kuzigusa.

Wiki ya kwanza aliunguza pesa ya bati. Nyumba ilikuwa inavuja pembeni mwa chumba cha kulala, na pesa ile waliikusanya kwa shida. Fundi aliposikia aliliangalia beseni lililokinga matone.

"Ziliingia oda ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Siku moja?"

"Ya kwanza ilipotea, nikaweka ya pili iirudishe. Ya pili nayo ikataka kurudishwa. Kilinipanda kichwani, Fundi. Sitakudanganya."

"Basi iwe moja."

"Moja?"

"Kwa siku."

Hakupiga kelele. Hakutaka jingine. Mama Ubao akamkamata mkono, akampeleka mbele ya kioo, akamwonyesha kile kiduara cha bluu. Akamweleza kwamba ukiagiza soko likununulie fedha bei ikifika mahali fulani, hilo agizo ndilo oda, na kiduara kile kinahesabu oda zinazosubiri.

"Maneno huyasomi, namba unazisoma," akamwambia. "Neno langu ni hilo, oda moja kwa siku. Ukitaka kunichunga, chunga hapa. Ukiona mbili, nivute sikio mbele ya mtoto."

Wakaanza utaratibu wao. Kila asubuhi Fundi alileta vikombe viwili, akasimama nyuma ya kiti.

"Imekaa?"

"Imekaa."

Kiduara kilisema moja. Fundi aliketi, wakanywa, naye akasimuliwa habari za dunia: fedha gani imeringa, ipi imenuna, ipi inajifanya haijui kwao. Nusu ya habari hizo hakuzielewa. Alizipenda hivyo hivyo. Hasara zilikuja, faida zilikuja, bati lilipatikana, beseni likarudi jikoni. Ikaenda hivyo karibu miaka miwili.

Halafu asubuhi moja akafika na vikombe, kiduara kikasema tatu.

Alidhani macho yanamdanganya. Kesho yake tatu. Keshokutwa akaja mchana kuchukua misumari, akakuta mbili. Jioni hakuna kitu. Fundi akapiga hesabu zake: anaweka tatu, moja inakwisha mchana, mbili jioni. Akakumbuka kumi na moja. Akaona mchezo ule ule umerudi kwa mlango wa nyuma.

Siku ya nne alisema, "Naona namba imeongezeka."

"Imeongezeka, lakini oda ni moja," alijibu mkewe.

"Tatu ni tatu."

"Si hivyo, Fundi, sikiliza. Hizo nyingine..."

"Mbao ikiwa tatu ni tatu," akasema Fundi, akachukua kikombe chake, akaenda nacho karakana. Kikombe hicho hakikurudi mezani.

Mtu angemwuliza, angesema hakugombana na mkewe. Na kweli hakugombana. Alikula, alilala pale pale, aliitikia akiitwa. Ila ile saa ya asubuhi aliifunga. Mama Ubao alipiga maneno yake kwa mbali, kutoka mezani, sauti ikapita dirishani hadi karakana: "Leo yuro inachechemea." Fundi aliwasha randa ya umeme. Alijua anachofanya.

Mwezi wa pili wa hali hiyo, akakuta kitu juu ya benchi lake la kazi. Kilikuwa kipande cha plaiwudi, upana wa sinia, kimechorwa kwa penseli yake mwenyewe ya useremala. Mchoro wa mlango. Juu ya mlango komeo, chini ya mlango komeo. Kwenye mlango mkewe alikuwa ameandika moja, kwenye komeo la juu mbili, kwenye komeo la chini tatu.

Fundi alikigeuza geuza. Wateja wake wengi humletea michoro, naye michoro anaisoma kuliko wenye shule. Stoo yao haikuwa na mlango. Ilikuwa na pazia, miaka na miaka, na Mama Ubao alikuwa amelalamika juu ya pazia lile mpaka akachoka. Basi, akaona, bibi ameacha kusema sasa anachora. Na namba ameziweka kwa mpango wa kazi: kwanza ubao, pili komeo la juu, tatu la chini. Akaona pia kwamba hiyo ni njia ya mkewe kutafuta amani bila kuomba radhi. Moyo ukalegea kidogo. Kwa mdomo hakuweza kusema lolote. Kwa randa aliweza.

Alimtengenezea mlango wa mbao ngumu, ile aliyokuwa ameificha kwa mteja mkubwa. Aliulainisha kwa msasa mara tatu. Makomeo alinunua mapya, ya shaba, juu moja na chini moja. Akaupachika siku mkewe alipokwenda kumwona Dirisha la Pili. Mchoro akautundika kwenye msumari wa karakana anapoweka michoro yote, maana mchoro wa mteja hautupwi.

Mama Ubao aliporudi akasimama mbele ya stoo na mkoba bado begani. Akaangalia komeo la juu. Akaangalia la chini. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua miwani, akafuta machozi, akacheka tena. Fundi alisimama na bisibisi mkononi, hajui acheke au asicheke. Alimsikia akisifu mlango, na alitaka kusifiwa. Yaliyofuata nyuma ya sifa hayakumshika. Akaenda kunawa mikono, amefurahi, na kesho yake asubuhi kiduara kikasema tatu tena, akarudi karakana na kikombe chake.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka asubuhi ya futi.

Wiki ya tatu baada ya maziko, binti yao alikuja kufunga akaunti ya mama yake. Yeye ni muuguzi mahali pa mbali, soko lile halijui, kwa hiyo akaja na Dirisha la Pili. Mama huyo ni mnene, mwenye sauti ya kuita foleni.

"Shemeji, pole tena," alisema, akavuta kiti cha marehemu, akakiacha, akachukua kingine. "Umekula?"

"Nimekula."

"Anasema uongo," alisema binti kutoka jikoni. "Sufuria imekauka tangu jana."

Wakawasha kompyuta. Fundi alisimama nyuma, mahali pake pa zamani. Akatazama chini, kulia. Kiduara hakikuwapo.

"Nani ameziondoa?" akauliza.

"Nini?"

"Zilikuwa tatu. Asubuhi ile. Nani amezigusa?"

Dirisha la Pili akasogeza uso kwenye kioo, akabonyeza, akasoma. "Hakuna aliyezigusa. Bei ilishuka siku ile ile saa kumi, ununuzi ukajifunga wenyewe. Hasara ndogo tu, haizidi mikate miwili."

Saa kumi Fundi alikuwa ameshika ule mfuko wenye viatu vya mkewe. Akashika mgongo wa kiti. Hakutaka kusema alichosema. Kilitoka chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kimekaa muda mrefu.

"Mama yako alinipa neno lake," akamwambia binti. "Akalivunja."

"Baba, usiseme hivyo. Si sasa."

"Mwache aseme," alisema Dirisha la Pili. "Huyu akisema mara mbili kwa mwezi ni bahati. Neno gani, shemeji?"

"Oda moja kwa siku. Alikuwa anaweka tatu. Nimeziona kwa macho yangu, miezi saba."

Dirisha la Pili alirudi kwenye kompyuta. Alibonyeza mahali pengine, ukatokea ukurasa mrefu wa mistari. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma kwa sauti, kama anaita wateja. Jumatatu, kanunua mara moja. Jumanne, mara moja. Jumatano, mara moja. Akashuka, akashuka. Fundi alifuata kidole. Kila siku mstari mmoja.

"Hapa hakuna kitu," alisema Dirisha la Pili. "Tarehe tisa mpaka kumi na mbili. Alikuwa wapi?"

Fundi alijua. Siku hizo mgongo ulimkatika, akalala chali, mkewe akamkanda kwa maji ya moto. Kwa siku nne hizo kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Sasa hizo tatu zako," alisema mama yule, na sauti ikapungua. "Zamani alikuwa anaweka agizo la kununua, basi, likiharibika linaharibika. Mimi ndiye niliyemfundisha kuliwekea walinzi. Mmoja anasema: bei ikianguka mpaka hapa, niuzie, hasara iishie hapo. Wa pili anasema: ikipanda mpaka hapa, niuzie, nimetosheka. Na walinzi nao soko linawahesabu kama oda. Kwa hiyo ananunua mara moja, kiduara kinaandika tatu. Ununuzi ukikamilika, agizo la kwanza limekwisha kazi, zinabaki mbili. Mlinzi mmoja akifunga, mwenzake anaondoka mwenyewe. Kiduara kinakuwa kitupu. Umeelewa?"

Asubuhi tatu, mchana mbili, jioni hakuna. Fundi alielewa.

"Alifanya hivyo kwa ajili yako," alisema Dirisha la Pili. "Alisema, nikila hasara kubwa tena, yule mtu wangu atanyamaza mpaka siku ya kiyama."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Kwani hakukueleza?" akauliza Dirisha la Pili. "Alikuja kwangu siku moja, anasema Fundi kanuna juu ya ile tatu, maneno hataki kuyasikia. Nikamwambia mwandikie. Akasema hasomi. Akasema, nitamchorea; kitu ambacho hawezi kukataa kukitazama ni mlango. Mlango mmoja, makomeo mawili, vitu vitatu. Atauliza tu, anasema, hawezi kukosa kuuliza."

Fundi akatoka. Binti akataka kumfuata, Dirisha la Pili akamshika mkono.

Karakana ilikuwa na vumbi la majuma matatu. Kipande cha plaiwudi kilikuwa pale pale kwenye msumari, chini ya mchoro wa kabati la mwalimu. Akakitungua, akakipangusa kwa kiganja. Akaona kitu ambacho siku ile hakukitilia maanani. Mchoro hauna vipimo. Hakuna mteja anayeagiza mlango bila vipimo, wala hakuna fundi anayepokea. Yeye alikwenda mwenyewe kupima uwazi wa stoo, futi mkononi, na hata hapo hakuuliza.

Akakichukua hadi stoo. Akaegemeza bega kwenye mlango. Akafungua komeo la juu, akalifunga, akafungua la chini. Yalikwenda laini, kazi yake ilikuwa safi. Ndoo bado ilikuwa imegeuzwa pale karibu, na akaketi juu yake na kipande kile magotini.

Binti alimletea chai baadaye. Alileta vikombe viwili, kimoja chake, akaketi sakafuni.

"Mama alisema nini alipouona huu mlango?" akauliza. "Aliniambia kwenye simu kwamba alicheka, hakuniambia zaidi."

Fundi alikishika kikombe mpaka chai ikapoa. Alitaka kulisema lote, bila kupunguza, na mwanzo wake tu ndio aliokuwa ameubeba miezi yote hiyo. Mwisho wake ulikuwapo pia. Alikuwa ameusikia vizuri kabisa, siku ile, akielekea bombani.

"Alisema: 'Mlango mzuri, Fundi wangu. Ila hukuniuliza ni wa nini.'"